Mzee wa Godzilla niliyemjua nikiwa Juja

Leo naomba mnivumilie, maana nataka kuwatoa Pwani niwapeleke Juja, kutoka Juja twende Japani, kisha inshallah turudi nyumbani salama.

Wengi wetu tukisikia Juja hukumbuka matatu za barabara ya Thika, baridi ya Julai na ule udongo mweusi unaong'ang'ania viatu mvua ikinyesha. Mimi nimeishi huko. Nilikwenda mwanzoni mwa miaka ya 2000 kusomea diploma, nikatoka Malindi na sanduku la bati, vikoi viwili na chupa ya achari ya maembe aliyonifungia mama. Chuo chenyewe ni JKUAT, Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Kilianza 1981 kwa msaada wa serikali ya Japani, kikawa chuo kikuu kamili 1994. Kwa hivyo sisi tuliopita pale Mjapani hakuwa kioja. Tulikuwa tukiwaona wakipita na makabrasha yao, wanaamkia kwa kuinama, na saa ya kazi wameshafika kabla yetu.

Jumamosi moja jioni mwalimu mmoja wa Kijapani alitutangazia kwamba ataonyesha filamu ya zamani ya kwao. Tukajazana. Aliposema ni Godzilla tukacheka, kwa sababu tulikuwa tunamjua. Nyumbani Malindi nilipokuwa mdogo tulilipa senti zetu kwenye vibanda vya vidio kutazama madubwana ya mpira yakirushiana mawe. Tulikaa pale Juja tukingoja burudani ya aina hiyo.

Filamu ilikuwa nyeusi na nyeupe. Dakika za mwanzo tulicheka. Kisha ikafika sehemu ya hospitali baada ya dubwana kupita Tokyo. Majeruhi wamelazwa sakafuni, na daktari anamwekea mtoto mdogo chombo cha kupima mionzi, chombo kinalia, naye anatikisa kichwa. Karibu na hapo kuna mama amewakumbatia wanawe huku moto unakuja, anawaambia kwamba muda si mrefu watakuwa pamoja na baba yao. Baba mwenyewe amekwisha kufa. Ukumbi ulinyamaza. Nilitoka pale nikitaka kujua ni mtu gani aliyekaa akafikiria jambo kama lile na kulitia ndani ya hadithi ya joka.

Mtu huyo ni Ishiro Honda. Hana uhusiano na pikipiki.

Alizaliwa tarehe 7 Mei 1911 katika kijiji cha Asahi, mkoa wa Yamagata, milimani kaskazini mwa Japani kwenye theluji nyingi. Baba yake alikuwa kiongozi wa hekalu la Kibudha, na Honda ndiye kitinda mimba wa watoto watano. Alipokaribia miaka kumi familia ilihamia Tokyo. Kaka yake mkubwa, aliyekuwa daktari wa jeshi, ndiye aliyemtia hamu ya sayansi kwa kumletea majarida. Hamu ya sinema aliipata mwenyewe. Zama hizo filamu zilikuwa hazina sauti, na kila jumba lilikuwa na mtu anayesimama kando ya pazia akiwasimulia watu kinachotokea. Honda alimpenda zaidi yule msimulizi kuliko picha zenyewe. Vijana wetu waliokulia kwenye sauti ya DJ Afro watamwelewa bila kufafanuliwa.

Mwaka 1931 aliingia Chuo Kikuu cha Nihon kusomea filamu, na 1933 akaajiriwa na kampuni ya PCL, ambayo baadaye ikageuka kuwa Toho. Hapo alimkuta mwalimu wake Kajiro Yamamoto, na miaka mitatu baadaye akaja kijana mmoja mrefu, Akira Kurosawa. Wakawa marafiki wa kufa na kuzikana. Kurosawa nadhani mnamjua, angalau kwa jina. Ndiye aliyetengeneza ile filamu ya samurai saba iliyokuja kuigwa na Wamarekani katika picha zao za kauboi. Wote wawili walianza kama wasaidizi, wakibeba vyombo na kupangia watu kazi, wakingoja siku yao ya kuitwa waelekezi.

Siku ya Kurosawa ilifika 1943. Ya Honda ilichelewa, kwa sababu ya vita. Kurosawa jeshi halikumchukua. Honda lilimchukua mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa na miaka 23. Mwaka uliofuata, Februari 1936, baadhi ya maafisa wa kikosi chake walijaribu kupindua serikali mjini Tokyo. Yeye hakuhusika, lakini kikosi kizima kilitiwa doa, kikapelekwa Manchuria. Akirudi nyumbani anashika kazi kidogo, anaitwa tena. Mwaka 1939 alimuoa Kimi, mfanyakazi mwenzake pale kampuni, na mwishoni mwa mwaka huohuo akaitwa tena. Ukijumlisha, alivaa sare zaidi ya miaka sita, na nyingi ya miaka hiyo alikuwa China.

Sitaki kumfanya malaika. Jeshi la Japani lilifanya maovu makubwa China, na Honda alikuwa ndani ya jeshi hilo. Kwa muda alipewa hata usimamizi wa nyumba moja ya wale wanawake waliowekwa kwa ajili ya askari. Miaka mingi baadaye, 1966, aliliandika jambo hilo hadharani kwa jina lake, wakati wenzake wengi walikuwa wamelikalia kimya. Wala sisemi kuandika kunalifuta.

Kuna kisa kimoja cha huko vitani ambacho sijaweza kukisahau. Kombora lilianguka mbele yake, karibu kabisa, likakataa kulipuka. Mapigano yalipotulia alirudi akalichukua. Alikwenda nalo hadi Japani, akaliweka juu ya meza yake ya kuandikia, na hapo lilikaa mpaka mwisho wa uhai wake.

Vita vilipokwisha alikuwa mfungwa China. Alirudi kwao 1946, na akiwa njiani treni ilipita Hiroshima. Aliuona mji ambao haukuwa mji tena. Ndoto za vita zilimwamsha usiku kwa miaka mingi, na Kimi alizizoea.

Alianza tena kama msaidizi, na safari hii msaidizi wa rafiki yake. Katika filamu ya Kurosawa ya 1949 kuhusu askari polisi aliyeibiwa bastola, Honda ndiye aliyetumwa na kamera kwenye vichochoro vya Tokyo, sokoni na kwenye makazi ya walalahoi, kupiga picha za mji ulioshindwa vita ukijitafutia riziki. Sehemu nyingine miguu mnayoiona ikitembea ni yake, si ya mwigizaji.

Kazi zake za kwanza mwenyewe zilikuwa za baharini, na sisi watu wa Pwani tuna haki ya kulitaja hilo. Alitengeneza filamu fupi juu ya pwani ya Ise-Shima, akapiga picha chini ya maji wakati Japani karibu hakuna aliyefanya hivyo. Kisha 1951, akiwa na umri wa miaka 40, akaandika na kuelekeza filamu yake ndefu ya kwanza, Lulu ya Samawati, kuhusu wanawake wa kule wanaopiga mbizi kutafuta lulu bila mtungi wa hewa. Mtoto wa theluji alikuwa amekwisha kutekwa na bahari.

Sasa tufike mwaka wenyewe, 1954.

Alfajiri ya tarehe 1 Machi, Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika visiwa vya Bikini, Bahari ya Pasifiki. Bomu hilo lilikuwa na nguvu takriban mara elfu moja kuliko la Hiroshima, na lilipita hesabu za wenyewe waliolitengeneza. Mbali na hapo, nje ya eneo lililokatazwa, kulikuwa na chombo cha Kijapani kilichokwenda kuvua jodari. Kiliitwa Joka la Bahati, nambari tano, kina mabaharia 23. Waliona mwanga upande wa magharibi kama jua linachomoza pasipo pake. Baadaye ikaanza kunyesha unga mweupe, ukawaangukia vichwani na mabegani kwa saa kadhaa. Ilikuwa ni matumbawe ya bahari yaliyogeuzwa majivu yenye sumu. Waliukung'uta kwa mikono. Walipofika bandari yao ya Yaizu katikati ya Machi, ngozi zilikuwa zimeungua na nywele zinatoka. Jodari wao walikwisha kuingia sokoni. Japani nzima iliogopa samaki, na samaki ndio chakula chao. Mwezi wa Septemba mtu wa redio wa chombo hicho, Aikichi Kuboyama, alifariki.

Miezi hiyohiyo mtayarishaji mmoja wa Toho, Tomoyuki Tanaka, alikuwa ndani ya ndege akirudi kutoka Indonesia kichwa kinamuuma. Filamu kubwa aliyokwenda kuipanga ilikuwa imeanguka. Alitazama bahari dirishani, akawaza kuna nini huko chini, na kama bomu limekiamsha. Kampuni ikampa Honda kazi ya kuielekeza hadithi hiyo. Akajifungia kwenye nyumba ya wageni pamoja na mwandishi mwenzake Takeo Murata, wiki tatu hivi, wakaandika skripti. Dubwana wakamwita Gojira, jina lililounganishwa kutoka kwa sokwe na nyangumi kwa Kijapani. Kwa Kiingereza akaitwa Godzilla.

Kwa jinsi ilivyo, kazi ile ilikuwa na kila sababu ya kuchekesha. Ndani ya dubwana kulikuwa na mtu, Haruo Nakajima, amevaa vazi la mpira la karibu kilo 100, akijikokota kwenye joto la taa. Tokyo aliyoikanyaga ilikuwa ya mbao na plasta, kazi ya fundi mkubwa Eiji Tsuburaya. Ule mngurumo ulitokana na glovu ya ngozi iliyopakwa utomvu na kusuguliwa kwenye nyuzi za fidla kubwa inayosimama chini, ile ya sauti nzito ambayo wapiga taarab wa Unguja wanaijua. Honda alikataa kuichukulia kama mchezo. Aliwaambia wafanyakazi waisome skripti, na asiyeiamini ajitoe mapema. Alimwelekeza dubwana kama mtu anayepiga picha za maafa aliyoyaona kwa macho yake. Ile miji ya moto aliijua. Wale watu wanaobeba mizigo na wazee mgongoni aliwajua pia.

Tazama anavyoianza. Chombo kipo baharini, mabaharia wamepumzika juu ya sitaha wanapiga muziki, mara maji yanawaka. Hakuna dubwana unayemwona, unaona tu wavuvi na mabaharia wakifa na familia zao zikipiga kelele ofisini kuuliza habari. Halafu anakupeleka kisiwa kidogo cha wavuvi, kwa mzee mmoja anayejua jina la kilicho baharini, kwa sababu mababu walikuwa wakikitolea kafara samaki wanapoadimika. Vijana wanamcheka. Nani kati yetu hajamwona mzee kama huyo, Shela au Kipini au Gazi, na vijana wa simu wakimcheka?

Mimi nilipoiona mara ya pili nilikumbuka ngano yetu ya Nunda mla watu. Sultani Majnuni alikuwa na paka wake. Paka akala kuku, watu wakaja kushtaki, sultani akasema paka ni wangu na kuku ni wangu. Akala mbuzi, akala ng'ombe, jibu likawa lilelile. Mpaka alipokula watoto wa sultani mwenyewe ndipo baba akakubali kwamba yule si paka tena. Gojira ni Nunda wa wenye mabomu. Tofauti ni kwamba Honda hakumpa ushindi kijana shujaa. Anayemuua dubwana ni mwanasayansi, Serizawa, aliyegundua silaha mbaya kuliko hata dubwana. Anachoma karatasi zake zote, anazama nayo baharini na kufa huko makusudi, ili siri isiwafikie wakubwa wa dunia. Dini yetu haikubali mtu kujitoa roho, na mimi simsifu kwa hilo. Lakini hofu yake naielewa.

Filamu ilitoka tarehe 3 Novemba 1954. Watu zaidi ya milioni 9 walikata tikiti. Baadhi ya waandishi wa magazeti waliikejeli kwamba inachuma pesa kwenye jeraha la taifa. Wamarekani waliinunua, wakakata maneno mengi ya bomu, wakamchomeka mwigizaji wao Raymond Burr kana kwamba alikuwapo, wakaitoa upya 1956. Ndiyo iliyozunguka duniani. Ile ya Honda yenyewe haikuonyeshwa kwa mapana Marekani hadi 2004, yeye akiwa kaburini miaka kumi na moja.

Nimetaja wavuvi na mionzi, na najua baadhi yenu mko Uyombo kifikra tangu dakika tano zilizopita. Mwaka 2024 ndugu zetu wa huko Kilifi walitoka barabarani kuukataa mtambo wa nyuklia uliopangwa kujengwa karibu na bahari wanayoivua, wakapambana na polisi, wengine wakaumizwa. Baadaye serikali ilianza kutazama upande wa Siaya, Ziwa Victoria. Mtambo wa umeme si bomu, na sitaki mtu aseme nimewachanganya wasomaji. Ila wavuvi wa Yaizu hawakuwa na ugomvi na mtu yeyote, walikuwa nje ya mpaka waliowekewa, na waliowaambia mpaka uko wapi ndio waliokosea hesabu. Mvuvi wa Uyombo akiuliza hesabu ni ya nani, asiitwe mjinga.

Miaka iliyofuata naipita mbio, maana Toho iligundua kwamba dubwana ni ng'ombe wa maziwa. Honda aliletewa Rodan 1956, Mothra 1961, na 1962 akampiganisha Godzilla na King Kong, watu wakajaa kuliko hata mara ya kwanza. Kila filamu dubwana alizidi kuwa kichekesho. Kufikia 1964 madubwana yanabishana kwa lugha yao na kutafsiriwa, na 1965 Godzilla anaruka kama anacheza ngoma. Honda hakufurahia. Lakini alikuwa mwajiriwa, ana mke na watoto wawili, na kwa tabia hakuwa mtu wa kupiga meza. Wapo wanaomlaumu. Mimi nimefanya kazi ya kuajiriwa, simlaumu sana. Isitoshe, alipopata mwanya aliingiza jambo lake. Katika Mothra, tajiri anaiba viumbe wadogo wa kisiwa kilichoharibiwa na mabomu ili awafanye maonyesho ya pesa, na mji wake ndio unaolipa. Ile ya 1969, kuhusu mtoto mnyonge ambaye wazazi wake wako kazini kutwa, mashabiki wengi wanaidharau. Mimi naipenda. Mtoto yule ana ufunguo wa nyumba na dubwana wa ndotoni, hana mtu mwingine.

Tsuburaya alifariki Januari 1970. Sinema za Japani zilikuwa zinafungwa kwa sababu ya televisheni, kama zilivyokuja kufungwa zetu za Mombasa. Honda alielekeza vipindi vya televisheni, akarudi mara moja 1975 kwa Godzilla yake ya nane na ya mwisho. Waliokata tikiti hawakufika milioni moja. Akaweka vyombo chini.

Hapa ndipo ninapompenda zaidi. Kurosawa naye alikuwa amepita dhiki zake, na alipopata pesa za kutengeneza Kagemusha, iliyotoka 1980, alimwita rafiki yake wa miaka arobaini. Honda alikuwa karibu miaka 70, jina lake linajulikana hadi Marekani. Akakubali kurudi kuwa msaidizi, kazi aliyoifanya akiwa kijana. Walifanya hivyo filamu tano, hadi ya mwisho ya Kurosawa, 1993. Katika ile ya Ndoto ya 1990 kuna afisa anayetoka kwenye handaki, na nyuma yake wanatoka askari wake waliokufa, hawajui kwamba wamekufa. Kurosawa hakuwahi kuwa askari. Ukiitazama sehemu hiyo utajua nani alikuwa amesimama kando ya kamera.

Ishiro Honda alifariki Tokyo tarehe 28 Februari 1993, ana miaka 81. Maneno ya kaburini kwake yaliandikwa na Kurosawa.

Mwaka jana nilikwenda Malindi na filamu ile kwenye kompyuta. Nilimwonyesha ami yangu, aliyevua miaka hamsini kabla ya magoti kumkatalia. Nilikuwa nikimfasiria kidogo kidogo. Dubwana hakumshughulisha hata kidogo, alipotokea ami aliomba chai. Ilipokwisha aliniuliza kuhusu kile chombo cha mwanzoni, kama wenyewe walipata walau maiti za kuzika. Nikamwambia filamu haisemi. Akataka nirudishe nyuma, tuangalie tena.